Kutoka Brooklands hadi Monza: shajara ya saketi za zamani za mbio za magari

Njia ni hii: Weybridge kusini-magharibi mwa London, Reims, Francorchamps, Nürburg, Hockenheim, kisha kuvuka milima ya Alpi hadi Monza. Gari dogo la kawaida linatosha. Karibu kila mgeni anayefika kwenye saketi hizi hukodolea macho lami. Lami ni kama nguo, ikichakaa inabadilishwa. Historia iko pembeni: gari likikosa kona hapa, linakutana na nini? Ukuta wa nyumba, mti, mtaro, chuma, kokoto? Jibu la swali hilo ndilo lililoamua saketi ipi ife, ipi ikatwe na ipi ibaki.

Maandalizi si makubwa. Viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika, maana zege la zamani likilowa linateleza na kona zake zina mwinuko mkali. Ramani za saketi za zamani zipakuliwe kwenye simu kabla ya kuondoka, kwani kwenye mabonde ya Eifel, eneo la vilima kuizunguka Nürburg, mtandao hukatika. Na kama mafuta ya breki yana zaidi ya miaka miwili, yabadilishwe kabla ya safari. Sababu itaonekana Nürburg.

Siku ya kwanza: Brooklands, Uingereza

Mwaka 1907 mwendo wa mwisho kwenye barabara za Uingereza ulikuwa maili 20 kwa saa, na mbio za barabarani zilikatazwa. Watengenezaji wa magari hawakuwa na pa kujaribia kasi. Hugh Locke King, mwenye ardhi pale Weybridge, akajenga kwa fedha zake njia ya maili 2.75, yaani kilomita 4.4, yenye upana wa mita 30 na kona mbili kubwa zilizoinuliwa mithili ya ukuta uliolazwa, upande wa nje ukifika karibu mita 9 kwenda juu. Ilifunguliwa Juni 17, 1907.

Kwa nini zege na si lami? Kwa vifaa vya wakati ule, lami isingeweza kutandazwa na kushindiliwa kwenye mwinuko mkali kiasi hicho. Zege likamwagwa vipande vipande juu ya ardhi iliyochongwa na kujazwa udongo, na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Udongo wa kujaza hushuka taratibu, na haushuki kwa usawa. Kila kipande kikashuka kivyake. Mahali pabaya zaidi palikuwa pale njia inapovuka mto Wey juu ya daraja: palifanya tuta lililorusha magari hewani. Picha maarufu za gari la Napier-Railton la dereva John Cobb likiwa na magurudumu juu zilipigwa hapo. Cobb ndiye mwenye rekodi ya mwisho ya saketi ile, maili 143.44 kwa saa, ya mwaka 1935. Mafundi walitia viraka kila majira ya baridi, na kila msimu mpya viraka vilianza kushuka tena.

Pembeni je? Juu ya ukuta hapakuwa na kizuizi cha maana. Clive Dunfee alipanda mno na Bentley yake mwaka 1932, akavuka ukingo na kutokomea kwenye miti upande wa pili, akafa. Dawa ya siku zile ilikuwa kumwambia dereva asipande mno.

Brooklands haikuuawa na ajali, iliuawa na vita. Mbio zilikoma 1939, viwanda vya ndege vya Vickers na Hawker vilivyokuwa ndani ya saketi vikachukua eneo lote, ukuta mmoja ukakatwa kupitisha barabara, miti ikapandwa kwenye zege ili marubani wa adui wasione kitu. Mwaka 1946 mahali pote pakauzwa kwa Vickers. Leo kuna makumbusho, na kutoka hapo unatembea hadi kwenye ukuta uliobaki. Usipande moja kwa moja; panda kwa mshazari, na ushuke hivyohivyo. Kwenye maungio ya vipande majani yameota, na ukipitisha mguu juu ya maungio mawili matatu utahisi ngazi ndogo kati ya kipande na kipande. Halafu fikiria kuzipita kwa kilomita 230 kwa saa na springi za chuma za mwaka 1930.

Siku ya pili: Reims-Gueux, Ufaransa

Treni ya kubeba magari kutoka Folkestone hadi Calais huchukua dakika 35. Kutoka Calais ni barabara ya kulipia ya A26 hadi Reims, karibu kilomita 270.

Hapa hakuna geti wala tiketi. Unaendesha kwenye barabara ya D27 katikati ya mashamba, na ghafla majukwaa ya watazamaji yako mkono mmoja, vibanda vya mafundi mkono wa pili, na wewe uko kwenye mstari wa kuanzia. Ndivyo saketi za barabarani zilivyokuwa: pembetatu ya barabara za kijiji, hufungwa kwa siku chache, kisha ng'ombe na matrekta hurudi. Reims ilianza 1926 ikiwa na kilomita 7.8, na ilipita katikati ya kijiji cha Gueux, baina ya kuta za nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijiji kikaachwa pembeni kwa kukata barabara mpya, na saketi ikawa kilomita 8.3 za nyooka ndefu na kona chache.

Tazama umbali kati ya vibanda na barabara. Hakuna ukuta. Fundi aliyeshika tairi alisimama hatua chache tu kutoka magari yanayopita kwa kasi yao yote. Upande wa pili wa hatari ulikuwa lami yenyewe. Katika mbio za mwaka 1959 joto lilikuwa kali, lami ikalegea kwenye kona, mawe yakang'oka na kurushwa na magurudumu usoni mwa madereva waliofuata. Ni jambo la kawaida: lami ikipata joto hulainika, tairi inayogeuka kwa nguvu huchomoa jiwe la kwanza, na jiwe la kwanza likitoka majirani zake hawana tena pa kujiegemeza.

Kinga ya pembeni ilikuwa marobota ya nyasi kavu. Robota huonekana laini, lakini hushika moto, na huficha kilicho nyuma yake. Baada ya dereva Lorenzo Bandini kuungua Monaco mwaka 1967, marobota yakiwa yameuchochea moto, hakuna aliyeyatetea tena. Grand Prix ya mwisho Reims ilikuwa 1966, akashinda Jack Brabham kwa gari lenye jina lake mwenyewe. Mbio zote zilikoma 1972. Watu wa kujitolea wamekuwa wakipaka upya maandishi ya matangazo kwenye vibanda, na kazi yao ni nzuri, ila mgeni asisahau kwamba D27 ni barabara hai. Egesha nje kabisa ya njia na usipige picha ukiwa katikati.

Siku ya tatu: Spa-Francorchamps, Ubelgiji

Hii ndiyo siku ya kuamka mapema. Kazi iko sehemu mbili: saketi ya leo ya kilomita 7, na njia ya zamani ya kilomita 14.1 ambayo bado unaweza kuifuata kwa gari.

Saketi ilichorwa mwaka 1920 kwa kuunganisha Francorchamps, Malmedy na Stavelot. Kijito cha Eau Rouge kinachopita chini ya barabara kilikuwa mpaka kati ya Ubelgiji na Ujerumani, na kona ya zamani hapo iliitwa Forodha ya Zamani. Malmedy iliingia Ubelgiji kwa mkataba wa Versailles, mkataba uleule uliomvua Mjerumani Tanganyika na Ruanda-Urundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzunguko huu maarufu ni ardhi iliyobadilisha mmiliki wakati mmoja na Dar es Salaam.

Mwaka 1939 kona ya forodha iliachwa, ukajengwa mpando wa moja kwa moja, Raidillon, wenye mwinuko wa kama asilimia 17. Waandaaji wa Spa walitaka kasi. Walifanya vivyo hivyo Stavelot: badala ya kuingia mjini na kugeuka kona kali, wakachonga kona pana ya kupita bila kukanyaga breki sana. Kila badiliko lilipunguza sekunde, na hakuna lililogusa pembeni. Nguzo za umeme, mitaro, nyua za waya na nyumba za wakulima zilibaki pale pale.

Fuata njia ya zamani: kutoka Les Combes teremka Burnenville, zunguka karibu na Malmedy, kisha ingia nyooka ya Masta. Katikati ya nyooka kuna mpindo mdogo, kushoto kisha kulia, kati ya nyumba. Punguza mwendo upaone vizuri. Henri Pescarolo aliweka rekodi ya njia hii yote mwaka 1973, wastani wa kilomita 262 kwa saa, na mpindo huo ulikuwa ndani ya wastani huo.

Ni hapa Masta ambapo dereva Jackie Stewart alitoka barabarani mwaka 1966. Mvua ilikuwa imenyesha upande mmoja wa saketi tu, jambo la kawaida Spa, na karibu nusu ya magari hayakumaliza mzunguko wa kwanza. Stewart alibanwa ndani ya gari lililokunjamana, petroli ikimlowesha, kama dakika 25. Hakukuwa na wasimamizi wenye vifaa. Graham Hill na Bob Bondurant, ambao nao walikuwa wametoka njiani, walimtoa kwa spana iliyoazimwa kwa mtazamaji, maana usukani haukutoka bila spana. Gari la wagonjwa likapotea njia. Kuanzia hapo Stewart alifunga spana kwa utepe ndani ya gari lake, na akaongoza madereva kudai vizuizi, madaktari na vyombo vya zimamoto. Mwaka 1969 madereva walikataa kuja Spa. Mwaka 1970 walikuja mara ya mwisho kwenye njia ndefu, ikiwa na kingo za chuma.

Tatizo la kilomita 14 ni hesabu. Kingo za chuma pande zote mbili ni kilomita 28 za chuma, nguzo na bolti, na zaidi ya hapo wasimamizi wa kila kona na magari ya wagonjwa ya kutosha kufika popote kwa dakika chache, kwenye barabara ambayo kesho yake inarudi kwa wenye malori. Haikulipa. Mwaka 1979 saketi ilikatwa ikawa karibu kilomita 7, ikibakiza Raidillon upande mmoja na kona ya Blanchimont upande mwingine, na Formula 1 ikarudi 1983. Hata hivyo vipande vyake vilibaki barabara ya umma hadi mwaka 2000.

Mchana, zunguka saketi ya leo kwa miguu kwa upande wa watazamaji, uangalie pembeni mwa kila kona. Utaona mabishano ya wahandisi yameandikwa ardhini. Kwanza kokoto: za mviringo, ndogo, kitanda cha kina cha kama sentimita 25. Tairi huzama, na nguvu ya gari huishia kusukuma mawe. Lakini kokoto zina ila tatu. Mvua na vumbi huzigandamanisha, hivyo lazima zichokolewe mara kwa mara. Gari likiingia kwa ubavu, magurudumu huchimba na gari hupinduka. Na gari lenye tumbo bapa huweza kuteleza juu juu kama vile hakuna kitu. Kwa hiyo miaka ya 2000 saketi nyingi ziliweka lami pana pembeni, breki ziendelee kufanya kazi. Nayo ikaleta ugonjwa wake: dereva akikosa kona hapotezi chochote, basi anaikosa makusudi.

Raidillon ilionyesha ugonjwa wa pili. Kizuizi kikiwa karibu na njia, gari hukigonga kwa pembe ndogo na kuteleza sambamba nacho. Kikisogezwa nyuma kidogo tu, gari hufika kwa pembe kubwa na hurudishwa barabarani. Mwaka 2019 gari la Anthoine Hubert lilirudishwa hivyo, likagongwa na lililokuja nyuma kwenye kilele ambako dereva haoni mbele, Hubert akafa. Kazi ya mwaka 2022 ilisogeza vizuizi mbali zaidi, na katika kona kadhaa ikarudisha kokoto, kwa sehemu kwa ajili ya pikipiki, ambazo mwendeshaji wake akianguka anahitaji kitu cha kumpunguza kasi. Pembe mbaya zaidi ni ile ya katikati: ama kizuizi kiwe karibu, ama kiwe mbali sana.

Siku ya nne: Nürburgring, Ujerumani

Kutoka Francorchamps ni chini ya saa mbili, kupitia vilima vya Eifel.

Saketi hii ilijengwa kati ya 1925 na 1927 ili kuwapa kazi watu wa wilaya maskini ya Adenau. Ilikuwa na kilomita 28 kwa jumla: kitanzi cha kaskazini, Nordschleife, kilomita 22.8, na cha kusini kilomita 7.7, sehemu ya kuanzia ikiwa ya vyote viwili. Kitanzi cha kusini kimekufa. Vipande vyake vimekuwa barabara ya kawaida na vingine vimemezwa na msitu. Cha kaskazini kimebaki karibu kizima, kilomita 20.8, na ndicho kinachokuleta.

Hadi 1970 pembeni mwake kulikuwa na ua wa vichaka, mtaro, na mti. Mwaka huo madereva walikataa kukimbia, mbio zikahamia Hockenheim, na kwa majira ya baridi yaliyofuata njia ilisawazishwa sehemu zilizorusha magari na kuwekewa kingo za chuma. Kingo za chuma zinaonekana kitu rahisi, lakini zina kanuni: ubao wa chini usiache nafasi ya pua ya gari kupenya, nguzo zisiwe mbali, na kila bolti ikazwe. Mwaka 1974 Helmuth Koinigg alikufa Watkins Glen, Marekani, kwa sababu ubao wa chini uliachia na gari likapita chini ya ubao wa juu. Mwaka uliofuata, Montjuïc mjini Barcelona, madereva walikuta bolti hazijakazwa, na mafundi wa timu wakaenda wenyewe na spana kuzikaza. Chuma kisichokazwa ni hatari kuliko kichaka.

Watu husema ajali ya Niki Lauda ya Agosti 1, 1976 ndiyo iliyoiondoa Formula 1 hapa. Si hivyo. Uamuzi wa kuondoka ulikuwa umekwisha kufanywa. Ajali ilithibitisha sababu. Lauda aliungua karibu na Bergwerk, mbali na vibanda, na waliomtoa motoni ni madereva wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Njia ndefu namna ile haikuwa na watu wa kutosha kila mahali. Mwaka 1984 ikafunguliwa saketi mpya ya kilomita 4.5 pembeni yake, na mshindi wa mbio za ufunguzi, magari yote yakiwa Mercedes 190E zinazofanana, akawa kijana aitwaye Ayrton Senna.

Siku ambazo Nordschleife iko wazi kwa umma, inahesabiwa barabara ya kulipia ya njia moja, na sheria za barabarani zinatumika. Unalipia kila mzunguko. Kupita gari jingine ni kushoto tu. Kusimama ni marufuku. Kujipima muda ni marufuku. Kabla ya kuingia:

Toa kila kitu kilicholegea ndani ya gari, pamoja na zulia la miguuni kwa dereva. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi; zikipata joto upepo hupanda kwa kama bar 0.3 hadi 0.4. Soma bima yako, maana nyingi hazilipi ajali ya hapa. Ukigonga kingo unalipia kila ubao na kila nguzo, pamoja na gari la kuvuta, na njia ikifungwa kwa ajili yako bili huongezeka.

Sasa mafuta ya breki. Hunyonya unyevu hewani, na yakishakuwa na maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kutoka Flugplatz hadi daraja la Breidscheid ni mteremko mrefu wenye breki nyingi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke hubanwa kirahisi, na pedali inazama hadi sakafuni bila kukamata kitu. Ndiyo ajali ya kawaida ya mgeni, na inatokea akiwa amekwisha kujiona anaifahamu njia.

Ukipita Karussell utatambua kona ya zege iliyozama kushoto. Ilikuwa mtaro wa kupitisha maji, madereva wakagundua kwamba magurudumu ya ndani yakitumbukizwa humo gari linashika. Ingia taratibu, maungio ya zege yanagonga kwa nguvu na gari lililoshushwa chini hukwaruza tumbo.

Siku ya tano: Hockenheim

Kituo kifupi, na cha kusikitisha kidogo. Saketi ilianza 1932 msituni, ikakatwa na barabara kuu miaka ya 1960, ikabaki na nyooka mbili ndefu kati ya miti na uwanja wa majukwaa upande mmoja, jumla kilomita 6.8. Dereva Jim Clark alikufa kwenye miti hiyo Aprili 7, 1968. Zikaja kingo za chuma na kona za kukata mwendo. Patrick Depailler alikufa kwenye majaribio ya 1980. Nyavu za kunasa magari zilikuwapo, zimekunjwa nyuma ya kingo, hazijatandazwa.

Mwaka 2002 mchoraji wa saketi Hermann Tilke aliikata hadi kilomita 4.574. Usalama ulitajwa, lakini hesabu ya tiketi nayo ilikuwa na uzito: mtazamaji aliyeyaona magari yakipita mara 45 sasa aliyaona mara 67. Lami ya msituni iling'olewa na miche ikapandwa. Ukitembea humo leo unakuta ukanda mnyoofu wa miti midogo kuliko majirani zake.

Siku ya sita: njiani

Kama kilomita 550 kupitia Uswisi. Nunua stika ya barabara kuu za Uswisi kabla ya mpaka, faranga 40. Foleni kwenye handaki la Gotthard hupungua asubuhi sana.

Siku ya saba: Monza, Italia

Iko ndani ya bustani kubwa yenye ukuta. Ilijengwa mwaka 1922 kwa siku 110, kwa wafanyakazi 3,500. Kona zilizoinuliwa unazoziona si za wakati huo. Za kwanza zilibomolewa kabla ya vita, hizi ni za 1955, zimesimama juu ya nguzo za zege, na ukienda chini yake utaziona kama daraja.

Zilikosea tangu mwaka wa kwanza. Kwenye kona iliyoinuliwa gari hukandamizwa chini, uzito juu ya tairi huongezeka sana, na zege halikuwa laini. Kwenye majaribio ya 1955 tairi za Lancia D50 ya Giuseppe Farina zilishindwa, na magari hayo yakaondolewa mbioni. Mwaka 1960 timu za Uingereza zilisusa. Mwaka 1961 dereva Wolfgang von Trips na watazamaji 15 walikufa, ila si kwenye zege: ilikuwa nyooka ya kuelekea kona ya mwisho, Parabolica, ambako watu walisimama nyuma ya waya tu. Formula 1 haikushindana tena kwenye kona za zege baada ya hapo. Mbio za magari mengine ziliendelea juu yake hadi 1969.

Njia ya kawaida nayo ikawa na kasi mno. Mwaka 1971 Peter Gethin alishinda kwa sekunde 0.01, magari matano ya kwanza yakiwa ndani ya sekunde 0.61, wastani kilomita 242 kwa saa. Mwaka uliofuata kona za kukata mwendo zikawekwa. Zinafanya kazi, ila zimehamisha hatari: magari yote yanafika kwenye kona ya kwanza kwa kasi kubwa na kubanana kwenye mlango wa gari moja. Kingo za kona hizo ndizo zinazofanyiwa marekebisho kila mara. Zikiwa chini, dereva anazikata. Zikiinuliwa, zinarusha gari.

Mwaka 2024 lami yote ilibadilishwa. Lami mpya ni nyeusi zaidi, hupata joto zaidi, na mafuta yake hayajachakaa, hivyo mpira wa tairi huchunika vipunje vipunje badala ya kushika. Timu nyingi zilibadilisha tairi mara mbili. Charles Leclerc alibadilisha mara moja tu, akaenda polepole mwanzoni mwa kila seti, akashinda.